Meno ya Kutu Kwenye Simu za Ruangwa

Nilizaliwa kwenye miteremko ya Meru, mahali ambapo maji ni matamu kunywa lakini yanakuharibia cheko. Yana madini mengi ya floraidi, na watoto wanaoyanywa wakati meno yao ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi huota meno ya kahawia, mengine ya madoadoa, mengine rangi ya chai ya mkandaa. Kwetu hakuna aliyejali. Baba alikuwa nayo, mchungaji wetu alikuwa nayo, na msichana mwenye meno meupe tulimdhania ni mhamiaji. Kwa hiyo niliposomea utabibu wa meno sikuona kichekesho chochote. Kichekesho nilikikuta Nachingwea.

Nilipangiwa huko mwishoni mwa miaka ya tisini. Wenzangu wa chuoni walinipa pole kama mfiwa, kwa sababu kusini wakati ule palikuwa mahali pa kupelekwa mtumishi mlevi, na mimi sikunywa hata togwa. Chumba cha meno nilichokabidhiwa kilikuwa na kiti cha kulalia mgonjwa ambacho kilikuwa hakilali tena, makoleo ya kung'olea, na mashine ya kuchonga jino lililotoboka ili lizibwe. Mashine hiyo ilikuwa imekufa kabla sijafika. Mtu aliyenitangulia alikuwa akiitundikia koti lake, nami nikaitundikia langu.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee mkulima kutoka Marambo, amekuja na baiskeli huku shavu limevimba kama ameficha ndimu. Nilimkalisha, nikamwinamia, nikatabasamu kama tulivyofundishwa chuoni, ili mgonjwa apungue hofu. Mzee akainuka.

"Binti, daktari mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi, mzee."

Akanitazama mdomoni kwa muda, kwa huruma kabisa.

"Basi mwanangu, tuanze na wewe."

Nilimweleza habari za maji ya kwetu. Alisikiliza kwa adabu, bila kuamini hata neno moja. Alipofungua mdomo nilimwonea wivu: ukiacha lile gego moja lililooza, meno yake yote yalikuwa meupe kama unga wa muhogo, na maishani mwake hajapata kushika mswaki wa dukani. Alitumia kijiti cha mti. Nilimng'oa, akatema damu, akanishukuru, akaniachia fungu la ming'oko, mizizi ya porini iliyochemshwa, na ushauri kwamba nisugulie majivu.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi yangu. Ofisa wa wilaya akiumwa jino aliomba ruhusa, akapanda basi mpaka Dar es Salaam, likazibwa, akarudi nalo. Mkulima wa Nanganga mwenye shimo dogo kuliko la ofisa aliliacha jino lake kwenye bakuli langu. Tiba niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, kung'oa, na hata hiyo haikupatikana kila mahali. Ruangwa hapakuwa na tabibu wa meno kabisa. Nilikuwa nakwenda mimi, ndani ya gari la chanjo, siku ambazo gari lilikuwa na mafuta. Huko mgonjwa aliketi kwenye benchi, muuguzi mwenye mikono mizito akamshika kichwa kwa nyuma, nami nikavuta. Wakati mwingine sindano za ganzi zilikuwa zimeisha. Sitaki kusimulia siku hizo.

Nilitakiwa pia kutoa elimu ya afya ya kinywa. Seremala mmoja wa Nachingwea alinichongea seti ya meno makubwa ya mninga, nami nikawa natembea nayo kama mganga wa kienyeji. Mtendaji wa kata aliitisha mkutano kwa amri, wanaume wakakaa mbele wakasinzia, wanawake wakakaa nyuma kabisa wakinyonyesha. Hao wa nyuma ndio niliowataka, kwa sababu ya jambo lililokuwa likiitwa meno ya plastiki.

Kichanga akipata homa na kuhara, watu walimfunua ufizi wakaona vivimbe vyeupe. Hayo, walisema, ni meno ya plastiki, yasipotolewa mtoto atakufa. Basi anaitwa bibi fulani mwenye spoku ya baiskeli, anachimba, anatoa kitu cheupe laini, anamwonyesha mama, na mama anaapa kwamba kweli ameona plastiki. Alichokiona ni jino la mwanawe, changa, halijakomaa. Niliwapokea watoto waliooza fizi baada ya kuchimbwa. Mmoja alifia mikononi mwa mama yake kwenye benchi la nje, wakati mimi niko ndani nayapangusa vumbi meno yangu ya mbao ili niende kuhutubia.

Miaka ikaenda hivyo, na hotuba zangu hazikumzuia bibi hata mmoja. Kisha zikaja simu. Ukajengwa mnara Nachingwea, halafu Ruangwa nako, na baada ya mavuno ya ufuta vijana wakanunua simu za kupiga picha na kurekodi sauti. Intaneti tuliisikia tu. Kilichotuingia kweli ni bluutuu: unaweka simu mbili karibu, zinanong'onezana, na wimbo unahama kutoka hii kwenda ile bila vocha. Sokoni, kwenye vibanda vya kuchajia, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, watu walirushiana nyimbo, mawaidha, vichekesho na mambo mengine ambayo mtumishi wa serikali hapaswi kuyataja.

Sokoni Ruangwa alikuwapo mama mmoja Mmwera aliyeuza chai na vitumbua. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na chai yake ilijaa sukari mpaka kijiko kilikaribia kusimama chenyewe. Asubuhi moja, kabla ya kliniki yangu, nilikunywa kikombe kwake, nami kwa ujinga wa mtu aliyezoea kuhutubia nikamwambia mbele ya wateja:

"Mama, chai hii inatoboa meno ya watu."

Akaweka birika chini.

"Wewe! Umetoka huko kwenu Uchagani meno yana kutu kama bati la choo, unakuja kunifundisha mimi habari za meno? Wewe nani kakutoboa, chai yangu?"

"Mimi si Mchaga. Ni Mmeru."

"Basi kutu ya Kimeru!"

Benchi zima likaangua kicheko. Ningenyamaza, lakini nilikuwa nimenyamaza miaka mingi.

"Haya yangu ni maji ya kwetu tu, mama. Hayana shimo hata moja. Haya, fungua na wewe tuone!"

"Nifungue nini? Mimi nauza vitumbua, siuzi meno!"

Tukaendelea hivyo mpaka chai ya watu ikapoa. Sikujua kwamba fundi baiskeli mmoja aliyekuwa anakunywa pale alikuwa amewasha simu yake na kutunasa tangu mwanzo.

Niliyajua hayo Nachingwea. Nilipita getini hospitali, mlinzi alikuwa ameinamia simu, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Mimi si Mchaga." Mlinzi akaizima haraka na kunipigia saluti ambayo hajawahi kunipigia. Kwenye duka la vitenge, muuzaji aligeuka kucheka ukutani. Mtoto wa darasa la pili alinisalimia, "Shikamoo Dokta Kutu," kwa heshima zote, akidhani ndilo jina langu. Nilijifungia chumbani kwangu, nikalia kwa hasira, nikaapa kuomba uhamisho.

Ila foleni yangu iliongezeka. Mwanzoni sikuelewa. Mtu anasema anaumwa jino, namkalisha, anakodoa macho mdomoni mwangu badala ya kufungua wake. Walikuja kuiona kutu. Nami kwa kuwa wameshakaa kitini, nikawa nawafunua. Waliokuja kucheka waliondoka wamesafishwa ukoga, na wengine wamepungua jino. Wanawake wakaanza kuja na watoto, jambo ambalo meno ya mninga hayakuwahi kulifanya.

Safari iliyofuata ya Ruangwa nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha vitumbua. Mama yule aliponiona alijifuta mikono kwenye khanga, akasimama tayari.

"Umekuja kunishtaki?"

"Nimekuja tugombane tena."

"Kwa faida gani?"

"Vitumbua vyako vinajulikana mpaka Nachingwea."

"Hilo nalijua," akasema. "Kaa."

Nilimweleza kwamba safari hii tuzungumzie meno ya plastiki, na fundi baiskeli aturekodi kwa kujua. Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Nilianza na "Kwanza kabisa ni vyema jamii ikafahamu," na mama akapiga mwayo mrefu uliosikika vizuri kabisa kwenye simu. Fundi akafuta. Tukaanza upya, na hapo mama akaniambia jambo ambalo hakuwa ameliigiza:

"Lakini dokta, hayo meno yapo. Wanangu wawili wametolewa, na wako hai."

"Yule binti yako mkubwa, anayekusaidia hapa? Mbona chonge yake moja haikuota, na nyingine imeota imelala?"

"Si ndivyo alivyozaliwa?"

"Hakuna aliyezaliwa hivyo. Walimchimba jino likiwa changa, wakalijeruhi na lililokuwa chini yake. Homa ilipona yenyewe, bibi akachukua sifa."

Kwenye rekodi unasikia mafuta ya vitumbua yakichemka, na mtu anauliza kama chai ipo. Kisha sauti yake ikaja, polepole:

"Kwa hiyo unaniambia mimi nilimpa mtu kuku, amng'oe mwanangu meno ambayo hayajaota?"

"Ndiyo, mama."

Kilichofuata sitakiandika chote, na sehemu kubwa ilikuwa Kimwera ambacho sikukielewa wakati ule wala sijathubutu kuomba nitafsiriwe. Alimtukana yule bibi wa spoku, spoku yenyewe, baiskeli ilikotoka, na mjinga aliyeinunua. Alimaliza kwa kutangaza kwamba atakwenda kwake na mwiko wa vitumbua, akamchimbe na yeye meno aliyobaki nayo. Fundi baiskeli alicheka mpaka simu ikatikisika.

Rekodi hiyo ilikwenda kuliko ya kwanza. Nilielezwa kwamba imefika Masasi, imefika Liwale, imechezwa kwenye harusi. Hakuna aliyeirusha kwa ajili ya afya ya kinywa. Waliirusha kwa ajili ya matusi, na meno yakapanda humo humo bila nauli.

Mkubwa wangu wa kazi hakufurahi. Aliniita ofisini, akaniwekea simu mezani kama kielelezo cha mahakama.

"Haya ni matusi."

"Ni elimu, mzee. Matusi ni ya mama wa vitumbua."

"Elimu ya serikali haitolewi sokoni kwa kugombana na mama lishe. Tutatoa yetu, rasmi."

Wakatoa. Ofisa mmoja mwenye kikohozi alisoma tamko refu, akianza na kuwashukuru viongozi wa ngazi zote, akafika kwenye meno karibu na mwisho, pumzi imekwisha. Watumishi tuliagizwa kuirusha rekodi hiyo kwa wananchi. Niliirusha kwa mlinzi wa geti. Aliisikiliza kidogo, akaniambia kwa upole kwamba simu yake imejaa.

Halafu siku moja ya kliniki Ruangwa, mchana, akaingia msichana amebeba kichanga mgongoni, miguu imejaa vumbi. Alikuwa ametoka upande wa Mbwemkuru, kipande kwa miguu na kipande juu ya lori la ufuta. Mtoto alikuwa na homa, anahara, macho yameingia ndani.

"Mama mkwe anataka atolewe meno ya plastiki leo," akasema. "Nimemkimbia."

"Nani alikwambia usikubali?"

"Nilisikia mashineni, kwenye simu ya mtu. Yule mama anayetukana." Akanitazama mdomoni, akashusha pumzi. "Ndiye wewe kweli."

Nilimpeleka kwa tabibu wa wagonjwa wa kawaida. Mtoto akapimwa, akakutwa na malaria, akaanzishiwa dawa, na mama akafundishwa kumnywesha maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Nilimfunua ufizi, nikamwonyesha mama vile vivimbe, nikamgusisha kidole chake mwenyewe. "Haya ni meno yake. Yanasubiri zamu."

Hatujamaliza, mama mkwe akafika. Alikuwa bibi mwembamba, amefunga khanga kifuani, mkali, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba huku anamnyooshea mkono mjukuu. Alisema kwa Kimwera, mkwewe akanitafsiria kwa woga kwamba mtoto akifa, lawama ni yangu. Watoto wengine walikuwa wamekufa hata kwa dawa. Nikamwambia tu kwamba akichimbwa, atakuwa na malaria na kidonda kwa pamoja.

Bibi akafikiri. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Anayetukana yuko wapi?"

Nilimtuma mtu sokoni. Mama wa vitumbua alikuja na unga mikononi, akamwita binti yake aliyekuwa nyuma, akamfunua mdomo mbele ya bibi kama mtu anayeonyesha bidhaa yenye kasoro. Wakaongea Kimwera kwa muda mrefu. Hapakuwa na tusi hata moja. Bibi aliipapasa ile chonge iliyolala, akaiacha, akamshika binti shavu. Nilikaa pembeni na cheti changu cha utabibu.

Mwishowe bibi akanigeukia. Alikuwa amemwona mkwewe akimnywesha mtoto kwa kijiko.

"Wewe kwenye simu umesema sukari inatoboa meno."

"Ndiyo, bibi."

"Mbona unampa mtoto sukari?"

"Ni kidogo tu, ya dawa. Na bado hana meno, bibi."

"Sasa hivi umesema anayo. Yako ndani."

Mama wa vitumbua alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilijikwaa kwenye maelezo, nikayaacha. Bibi akakubali mtoto alazwe, nadhani kwa sababu alikuwa ameshinda ubishi. Alibaki naye wodini, akamfunga hirizi mkononi, akawa anamnywesha yeye mwenyewe kwa kijiko bila kukosa. Mtoto akapona. Bibi aliwaambia watu ni hirizi, mkwewe akasema ni dawa, na mimi nilifurahi kwamba hakuna aliyeitaja spoku.

Baadaye, muongo wa kwanza wa karne mpya ukielekea ukingoni, Nachingwea ikapata chumba cha intaneti, nami nikajiunga na mtandao wa kijamii ambao kila mtu wa Dar alikuwa akiuzungumzia. Niliandika habari za meno ya plastiki, kwa ufasaha, na picha. Wakanijibu watu wengi. Wawili watatu walitaka kunioa. Daktari mmoja wa meno wa Dar aliuliza kwa nini naendelea kung'oa badala ya kuziba, akaweka kikatuni cha uso unaonishangaa. Kutoka Mbwemkuru hakuniandikia mtu, kwa sababu watu wa Mbwemkuru hawakuwamo. Hata mnara hawakuwa nao. Niliona basi kwamba wanaonisikia vizuri zaidi ni wale wanaonihitaji kidogo zaidi, nikaenda kwa mkubwa wangu kuomba gari la chanjo lipite na kule.

Alikubali kwa masharti, mojawapo likiwa kusiwe na matusi. Mama wa vitumbua alidai kiti cha mbele, akakipata. Tulipofika, wanawake walikuwa wamejaa kwenye baraza la shule, na safari hii wao ndio waliokaa mbele. Sauti ya simu isingetosha baraza zima, basi tukagombana ana kwa ana. Tulipofika penye matusi mama alinitazama, akamtazama dereva ambaye angepeleka habari ofisini, akayaruka. Baraza zima likaguna. Yule bibi mwembamba wa wodini akasimama na kuyataja yeye, kwa Kimwera, yote, bila kuacha hata baiskeli. Serikali haikuwa imeyasema, kwa hiyo masharti hayakuvunjwa.

Baada ya hapo nilipanga benchi na kuanza kufunua vinywa. Alikuja mama mmoja wa makamo, jembe ameliegemeza ukutani. Gego lake lilikuwa na shimo dogo, safi, la kuzibika kabisa. Nilishindwa kujizuia kumwambia.

"Mama, hili ungekuwa Dar lingezibwa, likakaa mpaka uzeeni."

"Hapa?"

"Hapa sina mashine. Naweza kuling'oa, au ulivumilie mpaka liume zaidi."

Akafikiri, ulimi ukipapasa lile shimo ndani ya shavu.

"Kwa hiyo jino langu kosa lake ni kuota huku?"

Niligeukia ndoo ya makoleo kana kwamba kuna kitu natafuta.

"Basi ling'oe," mama akasema, akakaa na kujishikia kichwa mwenyewe. "Ila fanya upesi, nina mbaazi shambani."

Ganzi ilikuwapo siku hiyo. Nilimchoma, nikasubiri ikolee, nikang'oa. Akatema mchangani, akaling'ata fundo la pamba nililompa, akachukua jembe lake, na aliyemfuata akakaa.